Kilometa Ameandikwa Hatembei

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mnene uliokuwa mlango wa kanisa mpaka kanisa likapata mlango wa chuma. Umelazwa juu ya matofali upande wa juu wa soko la Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, chini ya paa la fundi redio, na tundu la kitasa limebaki pale pale, kwa hiyo anayechelewa kufika ndiye anayekalia tundu. Mbele yake Mama Antoinette wa Bukavu anapanga jiko la mkaa, birika la kahawa ya tangawizi na vikombe sita, vitano vikiwa na mikono. Asubuhi ile ilikuwa Jumatatu, mwisho wa Novemba 2012. Goma ilikuwa imeanguka mikononi mwa waasi wiki iliyotangulia, na kijiwe kilikuwa kimekwisha kuikomboa mara nne kwa mdomo, kikaishiwa risasi. Watu walikuwa wanapuliza vikombe vyao na kutafuta jambo lingine la kugombania, ndipo jambo lenyewe likaja kwenye magurudumu.

— Nani aliniandika kama mi sitatembea tena?

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu. Aliyekuwa kwenye kigari cha walemavu ni Evariste, lakini ukimwulizia Evariste kambini utazunguka mpaka jioni. Uliza Kilometa. Alitoka Uvira kwa miguu mwaka wa tisini na nane, akapanda milima ya Fizi kwa miguu, na ingawa kati ya Fizi na Malawi kuna ziwa zima, akisimulia safari ile mashua haionekani, wala lori la Mbeya halionekani. Ni miguu tu. Hapa Dzaleka alishika kazi ya kutembeza vitenge: bunda kichwani, vijiji vyote vya wilaya ya Dowa, na mara moja kwa mwezi mpaka masoko ya Area 25 kule Lilongwe. Miaka kumi na mbili hakujikwaa hata kwenye jiwe. Halafu siku moja ya jua kali, mwezi wa tisa, akaona na yeye apande kabaza kama waheshimiwa wengine, akae nyuma ya baiskeli ya watu arudishwe kutoka Dowa Boma. Kwenye mteremko breki zikakataa kazi. Mwenye baiskeli akaangukia majani. Kilometa akaangukia nyonga.

Alipasuliwa Lilongwe. Walimtia chuma na skurubu tatu, wakampa magongo mawili, na kine, yule dada wa mazoezi ya viungo, akamwambia arudi kila Jumanne, mara nane, na nyumbani atembee kila siku hata ikiuma. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo inayoamua, alisema. Mguu usipofanyishwa kazi sasa utakauka ulivyo, na kuchechemea kutamfuata mpaka kaburini. Gari la kliniki lilimpeleka Jumanne tatu. Mara zilizofuata hakuitwa, akadhani gari limejaa. Asubuhi hii amesukumwa mpaka kwenye ubao wa matangazo, akasoma orodha ya kesho kwa macho yake mwenyewe. Jina hakuna. Likawa limebandikwa pembeni, kwenye orodha nyingine kabisa, ya watu ambao hawatatembea tena maisha yao yote.

— Mi naulizia, Kilometa akasema tena, na mishipa ya shingo ikasimama. Nani?

Aliyekuwa anasukuma kigari ni Gélase. Huyo wanamwita Dokta, kwa sababu alilinda geti la hospitali kule Bukavu miaka kumi na moja, na kwa maneno yake mwenyewe, ugonjwa gani ulishawahi kuingia hospitali bila kupitia getini? Dokta akafunga breki ya kigari, akafuta jasho, akamtazama Sylvain. Mama Antoinette naye akamtazama Sylvain. Sylvain, ambaye wanamwita Avoka, yaani wakili, kwa vile aliwahi kuwa karani wa mahakama Uvira kwa miezi minne, na ambaye kalamu yake imejaza nusu ya fomu za mtaa wa Kawale, alikuwa ametumbukiza uso wote ndani ya kikombe.

— Kunywa kahawa kwanza, mzee, Avoka akasema kutoka mle ndani.

— Sikunywe. Jibu.

— Basi ni mi. Lakini nilikuandika vizuri.

— Vizuri!

— Sikia, Kilometa. We umeuza vitenge miaka ngapi? Mwanamuke akikuuliza bei, unamwambia ya mwisho? Hapana. Unasema ya juu, yeye anashusha, munakutana katikati. Na biro, hii ofisi ya bakimbizi, njo vile vile. Ukiandika mguu inauma, banasikia iko muzima. Ukiandika ilivunjika, banasikia inauma. Mi nikaandika hatatembea tena, ili basikie kama ilivunjika. Nilibaachia nafasi ya kushusha!

— Na balishusha?

Avoka akainua uso. Alikuwa na uchungu wa kweli.

— Hawakushusha. Njo kitu kinanishangaza mpaka leo. Balikubali bei ya kwanza.

Kilometa akapiga mkono wa kigari mpaka boliti ikalia.

— Miaka kumi na mbili nabaambia ukweli! Nilisema nyumba inavuja, hawakuamini, balikuja kuangalia wakati wa kiangazi. Nilisema niko na batoto bane, balihesabu batatu, banasema wa ine haonekane. Alikuwa mugongoni ya mama yake! Siku moja tu banaamini mukimbizi, siku moja, na banaamini uongo yako, Avoka!

— Hakuna mtu amewahi kuaminiwa haraka vile, Dokta akasema kwa heshima. Siku tatu na kigari ikafika.

— Kigari ilifika, na magongo ikaenda! Umesahau? Banasema kifaa kimoja kwa mtu mmoja. Yule askari wa stoo alibeba magongo yangu kwapani anapiga mluzi. Na tangu siku ile mi si mtu tena. Mke wangu Louise ananikatia viazi vidogo vidogo. Mi, nilifika hapa na meno yangu yote! Jana kanisani balinibeba mpaka mbele ya madhabahu, na kigari, na mi ndani yake. Kwaya ikaimba. Baliniimbia sawa vile maiti. Mi nilikuwa nataka kusimama nibaambie munyamaze, wamama wawili balinikandamiza mabega: tulia papa, tulia, Bwana anakuona.

— Sauti zilipendeza, Mama Antoinette akakubali. Lakini vile balishika yale mabega, hapana.

Ikumbukwe kwamba watu wa Kawale hawana roho mbaya. Mgonjwa akionekana anatembea peke yake, majirani ndio wanaosemwa: kumbe hakuna watu pale? Basi tangu kigari kifike, mtaa mzima ulikuwa umegawana Kilometa kama zamu ya kufagia kanisa. Jumatatu Dokta, Jumanne walimu wa shule ya Jumapili, Jumatano vijana. Akitaka kwenda chooni wanatokea watu wanne. Akisema mniache, wanatokea sita.

— Na mi nilisema tangu mwanzo, asikanyage, Dokta akaanza, akivuta pumzi ya mtu mwenye elimu. Hata kama ile kine amesoma, geti hakulinda. Ile skurubu, kila hatua inazunguka kidogo. Ukienda mbele inakaza. Ukirudi nyuma inalegea.

— Basi nitaenda mbele tu.

— Na kurudi nyumbani?

— Nitageuka, Dokta. Batu banageuka.

— Kugeuka! Kugeuka njo kabisa! Ukigeukia kushoto skurubu ya juu inauliza ya chini, sasa tunaenda wapi? Nimeona mtu Bukavu aligeuka vile kwa kuita mbuzi. Mpaka leo anatembea sawa vile kaa.

— We ulimwona getini?

— Alitokea getini.

— Akitembea?

Dokta akaliruka swali lile kama mtu anavyoruka dimbwi.

— Na jambo ingine. Ile chuma ilipimwa kwa mifupa ya hapa. Mifupa ya nsima ya mahindi. Weye ulikulia bugali ya muhogo na samaki ya ziwa. Mufupa ya muhogo iko na roho yake, haikubali chuma bila kuzoeshwa. Inapashwa kulala pamoja kwanza, mwaka moja, mbili, bila kusumbuliwa.

— Kine alisema kila siku! Anasema, yendani bambo, yendani, tembea baba, pang'ono pang'ono, kidogo kidogo. Anasema kulala njo kunaua mguu.

— Na mvua? Dokta akanyoosha kidole juu. Haya. Mvua njo hizi zinaanza. Radi inatafuta chuma. Mtu amekaa ndani ya kigari, iko chini, radi inapita juu yake inaenda kwenye antena ya fundi. Mtu amesimama, iko mrefu, na skurubu tatu ndani...

Watu wawili waliokuwa mwisho wa ubao wakasogea. Walisogea tu, na vikombe vyao.

— Munasogea kwa nini? Kilometa akafoka. Munasogea kwa nini? Iko jua!

— Mi nilikuwa nataka kivuli, mmoja wao akasema.

Hapo katikati mwanamke mmoja alikuwa amefika na furushi lake, akaomba kahawa, akapewa kikombe kile kisicho na mkono, akakalia tundu la kitasa. Hakuna aliyemtilia maanani. Alikuwa na viatu vya plastiki vilivyokatwa kisigino kwa kisu ili miguu iliyovimba ipate kuingia. Mama Antoinette alimwuliza kwa sauti ndogo ametokea wapi, naye akajibu anaitwa Annuarite, wa Fizi, ameshuka jana kwenye lori la Karonga, na anatafuta njia ya biro akaandikishwe. Mama Antoinette akamwambia angoje kidogo. Wale wanaume pale, alisema, wanajua njia ya biro kuliko watu wa biro.

— Mimi sitaki radi, sitaki muhogo, Kilometa alikuwa anasema. Nataka jina yangu kwenye gari ya kesho. Askari wa ubao alinieleza wazi: mwenye jina aje biro mwenyewe kabla ya saa sita, aseme fomu ilikosea, na jina litarudishwa. Ikipita saa sita, orodha inafungwa. Na wiki ijayo banafunga ya mwezi mzima. Sasa iko saa nne na nusu. Dokta, sukuma.

Dokta akashika mikono ya kigari. Avoka akasimama mbele ya magurudumu, mikono ameitanua.

— Tulia! Mufikirie kwanza kisheria. Ukifika biro ndani ya kigari, batasema nini? Batasema, huyu hapa, fomu ilisema kweli. Banafunga kitabu.

— Sawa. Basi nafika kwa mguu.

— Ukifika kwa mguu, batasema huyu ni mwongo, alitudanganya. Banakunyang'anya kigari, na gari ya kliniki hawakupe, sababu gari ni ya batu ya kweli.

— Nikifika na kigari niko mulemavu. Nikifika bila kigari niko mwizi.

— Umeelewa vizuri, Avoka akasema, akaonekana amefarijika.

— Sasa nifike na nini?

Kijiwe kikatulia kufikiri. Ni kitu cha kutisha kijiwe kikifikiri.

— Abebwe, akasema Dokta. Akibebwa hajatembea, na hayuko ndani ya kigari. Iko katikati.

— Katikati ya nini? akauliza Mama Antoinette.

— Ya sheria.

— Hapana, hapana, Avoka akakata. Iko njia. Mguu muzima njo unatembea. Ule mwingine haukanyage kwa nguvu, unasindikiza. Mkubwa wa biro akiuliza, papa, unatembea? unajibu kwa adabu: mkubwa, huu wa kushoto anatembea. Huu wa kuume anamusindikiza. Hapo hawajui baandike nini, na batu ya biro bakikosa kitu ya kuandika banaogopa, banakupa chochote.

— Yaani niruke na mguu moja, mi mwenye nywele nyeupe, sawa vile batoto banacheza.

— Kwa heshima. Polepole.

— Avoka!

Sasa Kilometa hakupiga kelele tena. Aliinama mbele mpaka kigari kikanyanyuka nyuma, akamkazia macho.

— We unaogopa nini?

— Mi? Mi naogopa kwa ajili yako.

— Anaogopa mwandiko wake, akasema Mama Antoinette bila kugeuka, akichochea mkaa. Wakifungua fomu moja ya uongo, banaangalia mukono ulioandika. Halafu banatafuta huo mukono kwenye zingine.

Ubaoni, mtu kwa mtu, wakageukia kalamu iliyokuwa mfukoni mwa Avoka.

— Fomu ngapi, Avoka? akauliza Kilometa.

— Sikuhesabu.

— Mwalimu wa kwaya, ulimuandika nini?

— ...Hasikie.

— Hasikie! Anafundisha sauti nne!

— Kwa sikio la kushoto hasikie vizuri.

— Na Vainqueur, kinyozi?

— Anaona giza giza.

Dokta, ambaye alinyolewa na Vainqueur asubuhi ile kwa wembe mpya, akapeleka mkono shingoni taratibu, akautazama mkono.

— Na mi? akasema Mama Antoinette.

— Mama, usikasirike.

— Na mi, Sylvain?

— Mikono inakutetemeka. Kwa ajili ya vita.

Mama Antoinette akachukua kikombe, akakiweka juu ya goti lake, akainua birika juu hadi usawa wa sikio, akamimina. Uzi mmoja mwembamba mweusi ukashuka, mrefu kama mkono wa mtu, kahawa ikapanda mpaka ukingoni, ikabaki imevimba pale bila kumwaga tone. Muda wote alikuwa anamtazama Avoka usoni. Akampa.

— Kunywa. Usimwage.

Avoka akapokea kwa mikono miwili, na akamwaga.

Pangekuwa mahali pa kucheka, na Dokta alikuwa ameshafungua mdomo. Lakini Kilometa hakucheka. Hasira ilikuwa imempanda tangu ubao wa matangazo, na bado haikuwa imepata mahali pa kushukia.

— Na weye mwenyewe? Umetuandika sisi wote viziwi, vipofu na maiti. Fomu yako uliandika nini?

Avoka akaweka kikombe chini. Akafuta vidole kwenye suruali, kimoja kimoja.

— Yangu niliandika vile ilikuwa.

— Vile ilikuwa namna gani?

— Vile ilikuwa, bwana. Bandugu zangu babili, siku moja, ndani ya nyumba moja. Niliandika mwezi. Niliandika saa. Nilichora nyumba, na dirisha ile mi nilitokea. Sikuongeza hata nukta. Iko mwaka wa sita. Nikiuliza, banasema dosie yangu, makaratasi yote, iko inapita mahali na mahali. Njo pale nilijifunza kuongeza.

Fundi redio, ambaye alikuwa anafungua kibanda chake, akaacha kufuli linaning'inia na ufunguo ndani yake. Dokta alitaka kumgusa Avoka bega, akagusa ubao.

Kilometa aliona hasira yake inataka kuyeyuka, akaikatalia. Alimhurumia Avoka, kila mtu pale angemhurumia, na mwenye kunyimwa haki na biro namna ile angehurumiwa hata na mawe. Lakini alijitazama magotini. Suruali upande wa kuume ilikuwa imelala kwenye paja kama nguo juu ya kamba. Ule mguu uliopanda Fizi ulikuwa umepungua mpaka ungeuzungushia viganja viwili. Siku kumi na tisa tangu kigari kije. Kine alisema miezi mitatu, na miwili imeshaenda.

— Ndugu yangu, akasema. Uchungu yako naielewa. Kama ungeongeza kwenye fomu yako, mi mwenyewe ningekuletea wino. Lakini huu mguu ni wangu. Huu njo unalisha batoto bane, hata yule wa ine hawamuone. Nilitembea ili nisiuawe, nilitembea ili nile. Hawakuniomba ruhusa bale walinifukuza Uvira, na we haukuniomba ruhusa kuniketisha. Kalamu yako imefanya kitu hata vita haikuweza!

— Usiseme vile, Kilometa.

— Nasema! Na weye Dokta, na skurubu yako ya kugeuka. Na wamama wa kwaya. Munanipenda, najua! Munanipenda mpaka nimeoza! Kila mtu hapa iko na neno juu ya mguu yangu. Mwenye sheria, mwenye geti, mwenye kuimba! Biro iko na neno! Mguu iko moja na bakubwa bake iko hamsini!

— Sababu unatutisha! Dokta naye akapandisha sauti. Ukianguka tena je? Nani atakupeleka Lilongwe? Njo mi!

— Na akikamatwa kwa uongo, akasema Avoka, batasema nani aliandika?

— Na akikaa, akasema Mama Antoinette, nani atanilipa kahawa ya hawa wote wanaokuja kumwangalia hawanunui?

— Samahani.

Sauti hiyo ilitoka mwisho wa ubao, kwenye tundu la kitasa. Wote wakageuka. Mwanamke wa Fizi alikuwa ameshika kikombe chake kwa ncha za vidole kwa sababu ya joto, na alikuwa anamtazama Kilometa kwa macho ya mtu aliyesikiliza kwa makini na bado hajapata kitu alichokuwa anangoja.

— Samahani, papa. Mi ni mgeni, nimefika jana, mambo ya hapa siyajui. Lakini we unaweza kutembea, ao hauwezi?

Avoka akawahi.

— Kwa upande wa dosie, mama...

— Siulize dosie.

— Kwa upande wa mifupa... akaanza Dokta.

— Siulize mifupa, papa. Namuuliza yeye.

Wakamtazama Kilometa. Kilometa akafungua mdomo. Neno lilikuwa tayari, alikuwa amelibeba tangu asubuhi, amelipigia kelele mbele ya ubao wa matangazo, mbele ya askari, mbele ya Mungu na soko zima: naweza! Akalitafuta, akakuta haliko. Mara ya mwisho kusimama ilikuwa na magongo mawili na kine ameshika mkanda wake kwa nyuma, kule Lilongwe, kwenye sakafu laini, hatua thelathini, na katika zile thelathini alipumzika mara mbili. Tangu kigari kije amebebwa, amesukumwa, amekandamizwa mabega, amegomba. Siku zote kumi na tisa amegomba. Kujaribu, hakuna hata siku moja aliyoachwa peke yake ajaribu, na kama anasema ukweli wake wote, asubuhi zingine, watu walipotokea wanne kumbeba, alikuwa amepumua kwa nafuu.

— Dokta, unajua? akauliza mwanamke.

Dokta akatazama miguu yake mwenyewe.

— Mama?

Mama Antoinette akatikisa kichwa.

Avoka hakuulizwa. Alikuwa amekaa, na huenda ilikuwa mara ya kwanza tangu Uvira kuonekana hana la kuongeza.

— Fungua breki, Kilometa akasema. Hapana, ngoja. Acha. Ifunge hivyo hivyo.

Akaweka viganja juu ya mikono ya kigari, akajisukuma. Makalio yakaachana na kiti, yakarudi. Watu watatu wakaruka.

— Mtu asinishike!

Wakabaki wamenyoosha mikono hewani, kama watu wanaota moto. Akajisukuma tena. Mguu wa kushoto ukakubali. Wa kuume ukauliza maswali yote, yakaanzia nyongani yakashuka mpaka gotini kama maji ya moto, jasho likamtoka kwenye nywele, naye akakaza meno akausubiri umalize kuuliza. Akasimama. Alikuwa mrefu kuliko walivyokumbuka. Akajizungusha kwa kushikilia kigari, mkono kwa mkono, mpaka akafika nyuma yake, pale anaposimama Dokta. Aligeukia kushoto, na Dokta akafumba macho.

— Sasa fungua breki.

Dokta akapiga goti akafungua.

— Mama, leta huo mzigo.

Mwanamke wa Fizi akasita.

— Lete. Biro ni njia yangu na njia yako. Kiti ikiwa tupu inakimbia, inataka uzito.

Akaweka furushi lake kwenye kigari. Kilometa akakaza vidole, akasukuma, na kigari kikasogea, na yeye nyuma yake, mguu wa kushoto, halafu kitambo, halafu wa kuume. Mama Antoinette alianza kuhesabu kwa sauti, akaona haya, akaendelea kuhesabu moyoni na midomo inatembea. Wauza nyanya wakainuka. Mmoja wa wale wamama wa kwaya akapiga ukelele, Yesu wangu, papa Evariste! akaja mbio na kitenge chake kinafunguka, tayari kumkalisha.

— Mama, rudi, Avoka akamwambia, akasimama njiani na mikono ameitanua, kama alivyosimama mbele ya magurudumu muda si mrefu uliopita. Rudi. Muachie.

— Ataanguka!

— Anguko iko yake. Muachie.

Kutoka kijiweni mpaka biro, mtu mzima anatembea muda wa sigara moja. Kilometa alifika kwenye rundo la matofali la jirani wa tatu, akasimama. Aliegemea kigari kwa kifua, mdomo wazi. Nyuma yao, hatua ishirini, Dokta na Avoka walikuwa wanafuata kimya, na wale wawili wakiwa kimya mtaa ulikuwa haujawahi kuwaona. Mbele, biro ilikuwa bado iko mbali, na jua lilikuwa linapanda.

Mwanamke wa Fizi alisimama kando yake kwa vile viatu vilivyokatwa. Hakumshika. Alingoja. Akangoja mpaka pumzi ya yule mwanamume ikashuka kidogo, kisha akasema, bila dharau, kama mtu anayehitaji kujua:

— Papa, haukunijibu.

Kilometa akafuta jasho kwa bega. Akavuta mguu wa kuume mbele, akauweka chini, akaukanyaga.

— Subiri kidogo, mama, akasema. Niko najibu.